Naandikaje wasifu wa bibi yangu usifanane na wa kila mtu? (Kikombo, Dodoma)

Binti wa Stesheni

Mbukwenyi wakuu, naombeni mawazo yenu.

Mwezi ujao tuna ibada ya shukrani na kuweka msalaba kwenye kaburi la bibi, mama yake mama yangu. Ndiye aliyenilea tangu mama alipofariki nikiwa darasa la pili. Kikao cha ukoo kimenitwisha mimi kazi ya kuandika wasifu, kwa hoja kwamba mimi ni fundi cherehani pale Majengo, nina daftari la vipimo vya wateja, kwa hiyo eti nimezoea kuandika.

Siku ya mazishi ulisomwa wasifu wa nusu ukurasa, ulioandikwa usiku ule ule mkekani huku masufuria yanagongana. Alizaliwa, alibatizwa, aliolewa, alijaliwa watoto, aliugua, ameacha wajukuu na vitukuu, Bwana ametoa na Bwana ametwaa. Ukibadilisha jina unaweza kuwasomea nusu ya wanawake wa Ugogo. Nilikaa pale nasikiliza, nasubiri wafike kwa bibi yangu, mara nikasikia "Amina".

Sasa safari hii nataka awemo. Lakini kila ninaposhika kalamu nakwama.

Kwanza mwaka wa kuzaliwa. Fundi wa marumaru anautaka wiki hii. Kitambulisho chake kimeandikwa 1952, na cheti cha ubatizo cha mjomba mkubwa kinasema mjomba kazaliwa 1959. Kwa hesabu hiyo bibi alizaa akiwa na miaka saba.

Halafu watoto. Mjomba anataka iandikwe "watoto sita". Bibi mwenyewe ukimuuliza alikuwa anasema tisa, na anawataja wote kwa majina. Wawili hawakumaliza mwaka, mmoja aliondoka na surua akiwa ameshaanza kutumwa dukani. Mjomba anasema hao wakitajwa watu watachanganyikiwa. Na sisi wajukuu watano aliotulea, anayesikiliza atuweke wapi?

La tatu ni ngoma. Bibi alikuwa mpigaji wa muheme, ngoma ya wanawake wa Kigogo, na si mpigaji wa kujazia watu, alikuwa anafuatwa kutoka vijiji vingine. Mama mdogo, ambaye ni mzee wa kanisa, ameshaniambia: "Tunaweka msalaba, hatuchezi ngoma. Ondoa."

Na mwongozaji ametupa dakika tano.

Ninavyovikumbuka mimi vizuri wala sijui kama ni vya kusomwa mbele ya mchungaji. Kibano cha kumng'olea kope. Nusu kikombe cha maji tuliyonawia uso asubuhi, watoto wote. Na namna alivyokuwa haachii kuku dirishani mwa treni mpaka noti iwe mkononi mwake. Mliowahi kuandika, mlifanyaje?

Mzee wa Kibaigwa

Pole sana mjukuu wangu. Umri wa hao mama zetu usiutafute kwenye kitambulisho, pale karani alikuwa na foleni ndefu na aliandika chochote. Utafute kwenye masimulizi yake. Je, alikuwa anasimulia nini cha utotoni? Mvua, njaa, gari, mzungu, chochote.

Ukishapata tukio, shuka kwa ukubwa wa mtoto. Wa miaka minne bado anashinda na mama yake. Wa sita au saba anaachiwa ndama na mbuzi wadogo karibu na nyumba. Akishaweza kutwanga uwele peke yake ni kumi na kuendelea. Sisi tulimpata baba yetu hivyo hivyo, na mwaka tulioupata ulikuja kulingana na daftari la ubatizo kanisani. Hilo nalo kaliulize, makanisa ya zamani ya huku yanatunza.

Binti wa Stesheni

Shikamoo mzee, na asante sana. Kuna moja alilolisimulia mpaka tukalijua kwa moyo. Kwao ni upande wa Ugogoni, Kongwa. Alikuwa anachunga ndama na kaka yake, wakasikia ardhi inanguruma, wakajificha nyuma ya mbuyu. Yalikuwa matrekta ya wazungu wa karanga. Walipotoka kwenye mbuyu ndama walikuwa wameshaingia kwenye mtama wa mtu, na kilichofuata alikuwa anakisimulia huku anajipapasa makalio.

Mzee wa Kibaigwa

Marahaba. Basi umeshampata. Mradi wa karanga wa Kongwa ulianza 1947, na mwaka 1951 ulikuwa umeshakufa, mashine nyingi zikabaki vyuma porini. Kama yale ndiyo matrekta ya kwanza kuyaona, na alikuwa wa kuchunga ndama lakini bado mdogo wa kukimbia na kujificha, basi ni 1940, au mwaka mmoja huku au huko. Mjomba wako 1959 anakuta mama wa miaka kumi na tisa. Inakaa vizuri kabisa. Mwambie fundi aandike 1940, na kwenye wasifu useme "karibu mwaka 1940". Na hayo matrekta yaweke, kuna wazee watakaotikisa kichwa pale kaburini.

MC Nzuguni

Nimeongoza misiba na shukrani nyingi hapa mjini, naomba niseme yasiyopendwa.

Dakika tano ni kurasa mbili za daftari kwa msomaji asiyekimbia. Kinachoua wasifu ni orodha. Majina ya wajukuu na vitukuu yachapwe kwenye kipeperushi, yasisomwe. Kila tawi la ukoo litakuja kukuambia "wa kwetu umemruka", na hapo huna kosa, karatasi wanayo mkononi.

La pili, vyeo vya watoto. Nimesikia wasifu wa mama ambao robo tatu yake ni mwanawe fulani ni afisa wapi, mkwewe ana kampuni gani, mjukuu yuko ng'ambo. Ukimaliza kusikiliza unawajua watoto wote, mama humjui. Kataa hata wakikununia.

La tatu, ibada zetu zinaanza saa nne zikiisha saa saba, na jua la Septemba hapa halina huruma hata chini ya turubai. Andika watu wakiwa wamekaa juani, usiandike ukiwa kitandani.

Nesi Mstaafu

Binti, kuhusu watoto usibishane na mjomba wako. Kliniki mama mjamzito tunamuuliza amebeba mimba ngapi, aliozaa ni wangapi, walio hai ni wangapi. Ni maswali tofauti na yote yanaandikwa, hakuna anayechanganyikiwa. Andika "alizaa watoto tisa, sita wakakua". Mama aliyewataja tisa maisha yake yote, wewe nani umpunguzie siku ya msalaba wake?

Lakini mimi nimeandika kwa sababu ya kibano. Ulikuwa unamng'oa kope kwa sababu zilikuwa zimegeukia ndani?

Binti wa Stesheni

Ndiyo mama. Watu wa huku wanaita vikope. Alikuwa anakaa mlangoni kwenye mwanga, kichwa anakiegemeza kwenye mapaja yangu, ananiambia "vuta, usinionee huruma". Zinaota tena baada ya wiki kadhaa, tunarudia. Kazi hiyo ilikuwa ya mtoto mwenye macho makali, aliniachia mimi baada ya binamu yangu kuolewa.

Nesi Mstaafu

Basi hicho ndicho cha kwenda kanisani, na nitakuambia kwa nini. Huo ni ugonjwa wa trakoma. Unaenea kwa mikono, kwa kitambaa kimoja kinachofuta nyuso za watoto wote, na kwa nzi wanaotua kwenye macho yenye tongotongo. Mtu anaambukizwa utotoni mara nyingi, ngozi ya ndani ya kope inapata makovu, makovu yanakaza, na akishakuwa mtu mzima kope zinageuka na kukwaruza kioo cha jicho mpaka mtu anapofuka. Wanawake wanaumia zaidi ya wanaume kwa sababu wao ndio wanaoshika watoto. Wilaya za huku kwetu, Kongwa na jirani zake, zilisumbuka nao miaka mingi mno.

Na kinga mojawapo ni uso safi wa mtoto. Sasa wewe unasema mlikuwa mnanawa kila asubuhi, kwa nusu kikombe, kwenye kijiji cha kuchota maji mbali. Yule mama macho yake yalikuwa yameshaharibika, akawa anayalinda ya kwenu. Una macho mazima leo unatunga uzi kwenye sindano. Hilo kama si la kusomwa mbele ya mchungaji, basi sijui lipi.

Kijana wa Area C

Mimi natofautiana kidogo na wakubwa. Wasifu wa kanisani ni wa kanisani. Kuna watu wa ofisini kwenu watakuja, kuna wakwe. Mambo ya tongotongo na kope na ngoma msimulie jioni nyumbani mkishakula. Bibi mwenyewe angependa kusemwa hivyo mbele za watu?

Mwanakwaya wa Mvumi

Kijana, yule bibi aliuza kuku stesheni mbele ya abiria wa bara zima. Wakwe wawili watatu watamtisha?

Kuhusu ngoma. Kwaya zetu zinapiga ngoma ndani ya kanisa Jumapili na hakuna anayekemewa. Tena nyimbo za Cigogo bila ngoma zinapooza. Nadhani kinachomsumbua mama yako mdogo si ngoma, ni mkao. Muheme mwanamke anaibana ngoma katikati ya mapaja, anapiga akiwa ameiinamia, na wale wazee wa kanisa wa zamani walikuwa hawataki hata kuona. Huna haja ya kueleza mkao. Sema alikuwa mpigaji wa muheme, basi, anayejua anajua. Na usimuulize mama mdogo tena, muulize mchungaji. Ukimuuliza mama mdogo mara ya pili umeshampa kura.

Binti wa Stesheni

Nimecheka peke yangu kibandani mpaka mteja akaniuliza kulikoni.

Nilikwenda kwa mchungaji jana jioni. Alinisikiliza, akaniambia yeye ni Mgogo kabla hajawa mchungaji, na kwamba mama yake naye alikuwa anapiga. Akaongeza nisilete ngoma yenyewe tu, maana hapo ibada haitaisha. Daftari la ubatizo la kwao bibi bado sijalifikia, lakini 1940 nimeshampa fundi.

Nimeandika. Naweka hapa mniambie pa kukata.

*"Bibi yetu alizaliwa Ugogoni, Kongwa, karibu mwaka 1940. Hakuwa na karatasi ya kuthibitisha, alikuwa na matrekta: aliyakimbia matrekta ya karanga akiwa mchunga ndama, na siku hiyo alichapwa kwa sababu ya mtama wa jirani. Shule hakupelekwa. Alijifunza kusoma akiwa na watoto wanne, kwenye kisomo cha watu wazima, na kitabu alichokuwa nacho kitandani mpaka mwisho ni Biblia, aliyoisoma kwa sauti na kwa kidole.*

*Aliolewa na babu, kibarua wa genge la reli, ndiyo maana tuko Kikombo. Alizaa watoto tisa, sita wakakua. Wale watatu alikuwa anawataja kila anapohesabu, kwa hiyo na sisi leo tunahesabu tisa.*

*Mwaka 1971, wakati wa operesheni ya vijiji, alihama kwenye tembe lake akiwa na mimba ya mama mdogo. Alibeba watoto na vyombo, halafu akarudi peke yake kulichukua jiwe la kusagia, kwa sababu alisema serikali imesema watapewa kiwanja, haikusema watapewa jiwe. Njaa ya 1974 ilipokuja na unga wa yanga, ule wa njano, aliusonga kila siku na kuwaambia wanawe kwamba huo ni ugali wa Simba umevaa nguo za kuazima. Mjomba wetu mmoja aliamini mpaka akaenda shule.*

*Babu alipofariki mwaka 1983 bibi alikwenda stesheni. Aliuza karanga za kuchemsha, mayai na kuku wa kubanika kwa abiria wa treni ya bara, usiku au mchana, kwa saa itakayofika treni. Hakuachia kuku mpaka ashike noti, maana treni ikishaondoka haina mlango wa kudai. Fedha aliifunga kwenye pindo la khanga, na kwenye pindo hilo ndimo zilimotoka ada zetu, daftari zetu, na cherehani ya mimi ninayeandika haya. Mafuriko ya mwishoni mwa 2009 yalipokata reli kati ya Kilosa na Gulwe, treni hazikuja, akahamia kwenye mlenda wa kukausha na ubuyu. Hakuwahi kutuambia biashara ni mbaya. Tulijua kwa kuona mboga imekuwa mlenda na magadi siku zote saba.*

*Miaka ya tisini na iliyofuata alizika watoto wake wawili waliokuwa watu wazima, akarudisha nyumbani wajukuu watano. Alitulaza kwenye ngozi moja. Asubuhi alipima nusu kikombe cha maji, akatunawisha uso mmoja mmoja, na kila mtoto kona yake ya kitambaa, marufuku kuchangia. Tulidhani ni ubahili. Macho yake yeye yalikuwa yanaumwa vikope, na sisi ndio tulikuwa tunamng'oa kope kwa kibano, mpaka alipokubali kufanyiwa upasuaji Mvumi, baada ya kuahirisha kwa misimu mitatu ya kilimo akidai kwamba palizi haimsubiri daktari.*

*Alikuwa mpigaji wa muheme. Alikuwa mwanachama wa umoja wa akina mama wa kanisa na mweka hazina wake, na hesabu zake hazikuwahi kupungua hata shilingi, ingawa kuna waliosema alikuwa mkali. Alikuwa mkali. Aliwahi kumrudisha mgeni mlangoni akanawe mikono, na mgeni huyo alikuwa diwani.*

*Treni ya umeme ilipoanza kuja Dodoma mwaka 2024 tulimpeleka aione. Aliitazama ikipita, akauliza inasimama stesheni ngapi. Tulipomwambia, akasema: sasa hao watu watakula nini?*

*Aliugua kwa muda mfupi, akafariki nyumbani, akiwa ameshauliza kama mbuzi wamefungwa."*

Baada ya hapo ni shukrani kwa majirani na ile sala ya kawaida.

Nesi Mstaafu

Kona ya kitambaa! Hukuisema mwanzo. Usiguse hata neno pale.

Mzee wa Kibaigwa

Hapo kwa Simba na Yanga kuna watu watapiga makofi kaburini, mchungaji ajiandae. Mimi ni Yanga na nimesamehe.

MC Nzuguni

Nimeusoma kwa sauti na saa mkononi. Dakika nne na kidogo kwa mimi niliyezoea. Kwa mtu mwenye machozi ni sita. Toa kitu kimoja. Ningetoa kuku, kwa sababu stesheni imeshaeleweka bila yeye.

Kijana wa Area C

Nafuta nilichosema juu. Ila diwani huyo yupo bado madarakani?

Binti wa Stesheni

Hayupo, na ndiye aliyetoa hadithi hiyo msibani mwenyewe, akicheka.

Mkuu wa Nzuguni, kuku hatoki. Nimetoa Biblia ya kidole na nusu ya habari za mlenda, na shukrani kwa majirani atazisema mjomba kwa mdomo. Mama mdogo nimemsomea jana usiku. Alipofika kwenye muheme alinyamaza, halafu akaniambia nimekosea, bibi hakuwa mpigaji tu, alikuwa anawafundisha wengine, na niandike hivyo. Kwa hiyo sentensi imeongezeka badala ya kupungua.

Atakayesoma ni binamu yangu aliyekuwa mshika kibano kabla yangu, sauti yake haitetemeki. Mimi nitasimama nyuma yake na nakala, endapo.

Walio karibu mnakaribishwa, ni Jumamosi ya pili ya mwezi, saa nne. Chakula kitakuwa wali kwa wageni wa mjini, na ugali wa uwele kwa mlenda kwa wanaojua wanachokula. Njooni na maji yenu ya kunywa, bomba la huku mnalijua.